Walihesabu Ndege Zikienda, Wakahesabu Zikirudi

Mtoto wa kijijini Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, mwaka 1943 alikuwa na hesabu ya jioni ambayo hakuna mwalimu aliyempa. Ndege za mabomu zilipoanza kunguruma ng'ambo ya shamba la ngano, alipanda juu ya ukuta wa ua akazihesabu zikipaa moja moja: kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Alfajiri, kabla hajatoka kitandani, alizihesabu tena kwa masikio zikirudi. Siku nyingi hesabu hizo mbili hazikulingana, na mezani wakati wa chai hakuna mkubwa aliyetaka kuulizwa kwa nini.

Hesabu hiyo inajirudia tena na tena katika kumbukumbu za watu waliokulia karibu na viwanja vya ndege vya Vita Kuu ya Pili. Kati ya mwaka 2003 na 2006 shirika la utangazaji la BBC liliwaomba wananchi wa kawaida wasimulie waliyoyaona, likapata simulizi zipatazo 47,000. Nyingi ni za watu ambao wakati wa vita walikuwa bado wanavaa kaptula za shule.

Kitabu cha rekodi cha Guinness kilitolewa kwa mara ya kwanza jijini London mwezi Agosti 1955, watoto hao wakiwa sasa ni vijana. Tangu hapo tumezoea rekodi za vita zipimwe kwa tani, maili na idadi ya majeshi. Hizi zangu nimezipima kwa kimo cha mtoto wa miaka saba. Ukisimama pale aliposimama yeye, baadhi ya rekodi zinazotajwa sana zinapungua, na nyingine ambazo vitabu huzipita mbio zinakuwa kubwa kama mlima.

Safari kubwa kuliko zote

Tarehe 1 Septemba 1939, siku ileile Ujerumani ilipoivamia Poland, serikali ya Uingereza ilianza kuwatoa watoto mijini. Vita yenyewe ilitangazwa siku mbili baadaye. Katika siku hizo chache watu wapatao milioni 1.5 walipandishwa treni, mabasi na meli kupelekwa mashambani. Kati yao wanafunzi 827,000 waliondoka bila mama wala baba, wakiongozana na walimu wao. Nchi ile haijawahi kuhamisha watu wengi kiasi hicho kwa muda mfupi namna ile.

Kila mtoto alifungiwa kadi ya jina kwenye koti. Mkononi alibeba mfuko wa nguo, na begani kisanduku cha kadibodi chenye barakoa ya kuzuia gesi. Wadogo wa miaka miwili hadi mitano walipewa barakoa ya rangi nyekundu na buluu, watu wakaiita ya Mickey Mouse ili mtoto aione kama mchezo. Walipofika kijijini waliingizwa kwenye ukumbi wa kanisa au wa shule, wakapangwa, na wenyeji wakapita mbele yao wakichagua. Aliyepokea mtoto mmoja alilipwa na serikali shilingi 10 na peni 6 kwa wiki. Akichukua zaidi ya mmoja, alilipwa shilingi 8 na peni 6 kwa kila mtoto.

Mvulana mwenye mabega alichukuliwa mapema, kwa kuwa shambani kulikuwa na kazi. Msichana msafi mwenye nywele zilizosukwa vizuri naye hakukaa. Ndugu watatu walioapishwa na mama yao wasitengane walibaki wameshikana mikono mpaka taa zinawashwa. Watu wengi waliopitia ukumbi ule wakiwa na miaka sita waliifikisha saa hiyo hadi uzeeni bila kuipoteza: nani alichaguliwa kabla yao, na walihisi nini waliposikia mtu akisema basi, mimi nitamchukua huyu aliyebaki. Namba ya milioni 1.5 inamshangaza mkubwa. Kwa mtoto, jambo kubwa kuliko yote lilikuwa urefu wa saa ile.

Mabomu yaliyoogopwa hayakuja upesi, na kufikia Januari 1940 zaidi ya nusu ya waliohamishwa walikuwa wamerudi makwao. Halafu ikafika tarehe 7 Septemba 1940. Kuanzia hapo London ilipigwa usiku 56 kati ya 57, na wengi wa watoto waliorudi walikuwamo, ndani ya mahandaki ya mabati yaliyochimbiwa nyuma ya nyumba.

Kaunti iliyojaa zege

Mwaka 1942 uwanja mpya wa ndege ulikuwa unaanzishwa nchini humo kila baada ya siku tatu hivi. Hakuna kazi ya ujenzi iliyokuwa kubwa kama hiyo wakati wa vita, na sehemu kubwa ilifanyika mashariki, kwenye ardhi tambarare iliyo karibu na Ujerumani. Kufikia mwaka 1945 Lincolnshire peke yake ilikuwa na viwanja 49 vya kijeshi, vingi kuliko kaunti nyingine yoyote. Norfolk, jirani yake, ilikuwa na 37.

Uwanja wa kawaida wa ndege za mabomu ulikuwa na njia tatu za zege zilizokatizana. Kubwa ilikuwa na urefu wa mita 1,830 hivi, na mbili nyingine mita 1,280 kila moja. Zote zilikuwa na upana wa mita 46. Hayo ni maelezo ya mhandisi. Mtoto aliona kitu kingine. Aliona ua wa miti alikokuwa akichuma zambarau pori uking'olewa, njia ya mkato ya kwenda shule ikifungwa, malori yakipita toka asubuhi hadi usiku yakiacha matope mpaka mlangoni mwa kanisa. Kisha, katika kijiji cha kaya hamsini, wakaingia majirani wapya kati ya 2,000 na 3,000, karibu wote vijana wa miaka ishirini na kitu.

Ujuzi wa watoto wa sehemu zile ulikuwa wa ajabu. Waliitambua ndege ya mabomu ya Lancaster kwa mlio wa injini zake nne kabla haijatokea mawinguni, na waliijua ndege iliyoumia kwa namna injini moja ilivyokosekana katika sauti. Walikuwa na soko lao pia. Vipande vya mabomu viliokotwa asubuhi vikiwa bado na joto, vikabadilishwa uwanjani wakati wa mapumziko. Kipande cha chuma cha kawaida hakikuwa na thamani. Mwenye mkia mzima wa bomu la moto alikuwa tajiri wa darasa.

Njia pana kuliko zote zilijengwa sehemu tatu: Woodbridge katika Suffolk, Carnaby katika Yorkshire na Manston katika Kent. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 2,700 na zaidi, na upana wa mita 230 hivi, mara tano ya upana wa kawaida. Zilikuwa za ndege zilizopigwa, zile zilizorudi na rubani aliyejeruhiwa, zisizo na breki wala magurudumu, ambazo hazikuweza kuchagua pa kutua. Woodbridge peke yake ilipokea ndege zaidi ya 4,000 za aina hiyo. Usiku wa ukungu, petroli ilichomwa kwenye mabomba yaliyolazwa kando ya njia ili joto liunyanyue ukungu. Moto huo ulilimulika anga lote, na mtoto aliyelala vijiji kadhaa mbali aliamka akaona dirisha limekuwa jekundu.

Idadi kubwa kuliko zote aliyoweza kuihesabu mtoto wa mashariki ilitokea mkesha wa Krismasi mwaka 1944, Wamarekani waliporusha ndege nzito zaidi ya 2,000 kwa safari moja. Anga lilichukua muda mrefu kumalizika, na wengi waliokuwa njiani kwenda kuimba kanisani walisimama tu wakatazama juu.

Lakini hesabu inayonishika mimi ni nyingine. Usiku wa tarehe 30 Machi 1944 ndege 795 za Uingereza zilitumwa Nuremberg. Mbalamwezi iling'aa kuliko ilivyotazamiwa, na ndege za Wajerumani zilikuwa zikingoja njiani. Ndege 95 hazikurudi. Huo ndio usiku uliopoteza wengi zaidi katika historia yote ya kikosi cha mabomu cha Uingereza, na alfajiri yake, tarehe 31, ndiyo alfajiri mbaya kuliko zote kwa mtoto aliyekuwa kitandani akihesabu kwa masikio. Katika vita yote kikosi hicho kilipoteza watu 55,573 kati ya 125,000 hivi walioruka nacho. Kijijini jambo hilo lilionekana kwa baiskeli. Baiskeli iliyoegeshwa nje ya duka ilikuwa ileile, na wiki iliyofuata aliyeipanda alikuwa mtu mwingine.

Wageni wengi kuliko wote

Kufikia majira ya kuchipua ya mwaka 1944 Wamarekani wapatao milioni 1.5 walikuwa Uingereza. Haijawahi kutokea tena nchi ile kupokea jeshi kubwa hivyo la rafiki. Kwa watoto, Mmarekani alikuwa mtu mwenye mifuko. Ndani ya mifuko kulikuwa na bigijii na chokoleti, vitu ambavyo dukani havikununulika bila vocha. Watoto walikuwa na wimbo mzima wa kuombea bigijii, wakafukuzia nao kila lori la jeshi lililopunguza mwendo. Krismasi ilipofika, askari wa viwanja vya Suffolk, Norfolk na Cambridgeshire waliweka akiba ya peremende zao kwa wiki kadhaa, wakawaita watoto wa vijiji na wa vituo vya yatima kwenye karamu ndani ya mabanda ya ndege. Kuna wazee wanaokumbuka ladha ya aiskrimu ya karamu hiyo kwa sababu ilikuwa ya kwanza maishani mwao.

Kati ya askari hao, wapatao 130,000 walikuwa Wamarekani weusi, na baadhi ya viwanja vya Suffolk vilijengwa na vikosi vyao vya uhandisi. Watoto wengi wa mashambani walikuwa hawajawahi kumwona mtu mweusi. Jeshi la Marekani liliwatenga askari hao na wenzao weupe, likataka wenyeji nao wafanye hivyo. Sehemu nyingi wenyeji walikataa. Huko Bamber Bridge, Lancashire, mwezi Juni 1943, baa za kijiji zilipotakiwa ziwabague zilijibu kwa kuweka tangazo kwamba hapa ni pa weusi tu. Ugomvi uliofuata kati ya polisi wa jeshi weupe na askari weusi ulimuua askari mmoja mweusi. Naitaja habari hii hapa kwa sababu kumbukumbu tamu za bigijii zimezoea kuiacha nje.

Si mbali na Bamber Bridge kuna kijiji cha Freckleton, na hapo ndipo rekodi chungu kuliko zote za orodha hii ilipoandikwa. Tarehe 23 Agosti 1944 asubuhi, ndege mbili za Marekani aina ya Liberator ziliruka kutoka uwanja wa karibu wa Warton kujaribiwa baada ya matengenezo. Dhoruba kali ikaingia ghafla, zikaamriwa zirudi. Moja ilianguka katikati ya kijiji, ikazipiga nyumba tatu, ikaupiga mgahawa waliokuwamo askari, na mafuta yake yaliyowaka yakaliingia darasa la watoto wadogo wa shule ya kanisa la Holy Trinity. Watu 61 walikufa. Thelathini na wanane kati yao walikuwa watoto wa shule. Hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi zaidi ardhini Uingereza katika miaka yote ya vita.

Hakuna adui aliyehusika. Ndege ilikuwa ya marafiki, askari walewale waliogawa peremende, na hao ndio waliochimbua kifusi kwa mikono na kuyabeba majeneza madogo mpaka kwenye kaburi la pamoja. Mwaka uliofuata, kwa muda wao wa mapumziko, askari wa Warton waliwajengea watoto waliobaki kiwanja cha kuchezea, wakaweka jiwe lenye maneno ya kuikumbuka hasara waliyoipata pamoja na wenyeji. Katika yote yaliyojengwa na jeshi lile kwenye ardhi ya Uingereza, viwanja vyote vile na zege lote lile, kiwanja hiki kidogo ndicho ninachokipa nafasi ya kwanza.

Mgawo mrefu, na ndizi iliyopotea

Mgawo wa chakula ulianza tarehe 8 Januari 1940 kwa nyama ya nguruwe ya kukaushwa, siagi na sukari. Ulimalizika tarehe 4 Julai 1954, nyama ilipoachiwa huru. Hiyo ni miaka kumi na minne na nusu, na karibu miaka tisa kati yake ilikuja baada ya vita kwisha. Mkate haukuwahi kugawiwa kwa vocha wakati mabomu yanaanguka. Uligawiwa kuanzia Julai 1946 hadi Julai 1948, nchi ikiwa katika amani. Aliyezaliwa mwaka 1940 alitimiza miaka kumi na minne bila kujua duka ambalo unaingia, unanunua, unatoka.

Peremende ziliingizwa kwenye mgawo Julai 1942. Kiasi kilipanda na kushuka, lakini mara nyingi mtoto alipata gramu 85 kwa wiki. Mwenye duka alipima kwenye mizani, akitoa moja na kurudisha moja, na mtoto akafuata mkono wake kwa macho. Aprili 1949 serikali iliziachia. Watu walivamia maduka hata zikaisha, na Agosti mwaka huohuo mgawo ukarudishwa. Zilikuja kuwa huru kabisa tarehe 5 Februari 1953. Siku hiyo watoto walivunja vibubu vyao, wakapanga foleni nje ya maduka.

Na ndizi je? Msomaji aliyekulia Bukoba au Kilimanjaro atashangaa. Novemba 1940 serikali ilipiga marufuku kuingiza ndizi ili meli zibebe vitu vya lazima zaidi. Shehena ya kwanza kutoka Jamaica ilifika bandari ya Avonmouth mwishoni mwa Desemba 1945. Kwa miaka mitano ndizi ilikuwa picha kwenye kitabu cha alfabeti. Waliozaliwa katika miaka hiyo walipopewa ya kwanza hawakujua ianzie wapi kumenywa, na wako walioing'ata na ganda lake.

Mwandishi Auberon Waugh, aliyezaliwa mwaka 1939, amesimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba mama yake alirudi nyumbani na ndizi tatu, moja kwa kila mtoto. Baba yake, mwandishi maarufu wa riwaya Evelyn Waugh, aliwekewa zote tatu kwenye sahani yake, akazimwagia krimu na sukari ambazo zilikuwa adimu, akazila mbele ya watoto wake. Auberon anasema toka siku hiyo hakumheshimu tena baba yake kama zamani. Mtu huyo aliandika vitabu vingi na kuishi miaka 61, na hizo ndizi tatu hakuzisahau.

Upungufu huo ulifika mpaka kwetu. Mwaka 1947 Waingereza walikuwa wanakosa mafuta ya kula na majarini, na serikali yao iliamua kulima karanga Tanganyika. Mpango ulikuwa wa ekari milioni kadhaa, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vifaru vya vita vya aina ya Sherman viligeuzwa matrekta ya kung'olea mibuyu na vichaka. Ardhi ya Kongwa ilikauka ikawa ngumu kama sakafu, mvua ikagoma, mashine zikafa. Januari 1951 mpango ulifutwa baada ya kula zaidi ya paundi milioni 36. Kati ya mashamba yote yaliyowahi kulimwa kwa ajili ya kipande cha mkate cha mtoto wa Uingereza, hilo ndilo lililoshindwa vibaya zaidi, na aliyeachiwa visiki ni Mgogo wa Kongwa.

Nisisahau upande wa pili. Kwa mgawo ule, maziwa ya bei nafuu kwa mama wajawazito na watoto, juisi ya machungwa na mafuta ya samaki, watoto maskini wengi walikula vizuri kuliko walivyokula kabla ya vita. Vifo vya watoto wachanga Uingereza na Wales vilikuwa 51 kwa kila 1,000 mwaka 1939. Vilipanda mwaka 1941, kisha vikashuka mpaka 46 mwaka 1945. Kuanzia 1946 kila mwanafunzi alipewa bure chupa ndogo ya maziwa kila siku ya shule. Wakati wa baridi yaliganda yakausukuma mfuniko nje.

Nyingine, kwa haraka

Jioni ndefu kuliko zote zilikuwa za viangazi vya 1941 hadi 1945, na cha 1947, saa ziliposogezwa mbele saa mbili nzima. Mwezi Juni London jua lilizama saa nne na dakika ishirini usiku, na kaskazini mwa Scotland mwanga ulibaki mpaka karibu saa sita. Mtoto aliambiwa akalale wakati ndege wa porini bado wanaimba.

Mwaka wa vifo vingi zaidi barabarani katika historia yote ya Uingereza ni 1941: watu 9,169. Magari yalikuwa machache. Kilichoua ni giza, kwa kuwa taa zote za mitaani zilizimwa na za magari zikafunikwa.

Mlipuko mkubwa kuliko wote nchini humo haukutokana na adui. Ghala la mabomu la Fauld, Staffordshire, lililokuwa ndani ya mgodi wa zamani, lililipuka tarehe 27 Novemba 1944 na kuua watu wapatao 70. Shamba zima lilitoweka, na shimo la kina cha mita 30 hivi lipo mpaka leo.

Februari isiyo na jua ni ile ya 1947. Kuanzia tarehe 2 hadi 22 kituo cha hali ya hewa cha Kew, London, hakikurekodi hata dakika moja ya jua. Theluji ilianguka mahali fulani nchini kila siku kwa siku 55 mfululizo, makaa ya mawe yakaisha, na watoto walivaa makoti ndani ya darasa.

Mwaka wa sinema ni 1946, tiketi zaidi ya bilioni 1.6 katika nchi yenye watu wasiofika milioni 50. Jumamosi asubuhi ilikuwa ya watoto peke yao.

Na mwendo kasi. Novemba 1945 ndege ya Meteor ilipita juu ya ufuko wa Herne Bay kwa kilomita 975 kwa saa, rekodi ya dunia. Machi 1956 rubani Peter Twiss alipita juu ya pwani ya Sussex kwa kilomita 1,822. Mvulana aliyeiona ya kwanza akiwa na miaka minane alikuwa hajatimiza ishirini alipoisikia ya pili.

Uwanja mkubwa wa kuchezea

Vita ilipokwisha ndege ziliondoka, na zege likabaki. Sidhani kama kuna watoto waliowahi kurithi uwanja wa kuchezea mkubwa kuliko huo. Karibu kilomita mbili za njia iliyonyooka, haina gari, haina polisi, upepo tu na majani yanayoota kwenye nyufa. Hapo walijifunzia baiskeli, na baadaye pikipiki. Mnara wa kuongozea ndege ulikuwa ngome yao. Kwenye kuta za mabanda walikuta bado pana picha na majina yaliyochorwa na vijana ambao wengine hawakurudi.

Wako walioishi humo kabisa. Kiangazi cha 1946, miji ikiwa imebomolewa na nyumba hazipatikani, familia zisizo na pa kulala ziliingia kwenye kambi na viwanja vilivyoachwa, zikagawana mabanda ya mabati yenye umbo la pipa lililokatwa katikati. Kufikia Oktoba kambi 1,038 za Uingereza na Wales zilikuwa zimekaliwa hivyo na watu 39,535. Uvamizi wa makazi mkubwa kama huo hawajauona tena. Wazazi walikumbuka unyevu, stovu moja na choo cha mbali. Watoto wao, wengi, wanasimulia habari za uhuru. Siamini kwamba upande wowote unadanganya.

Mengine yalikwenda haraka. Mwaka 1944 kijiji kidogo cha Heath Row kilibomolewa kujengwa uwanja wa jeshi. Mei 1946 ulifunguliwa kwa abiria, na waliosafiri siku za mwanzo walingoja ndani ya mahema. Uwanja wa mabomu wa Silverstone uligeuzwa njia ya mashindano ya magari mwaka 1948, na tarehe 13 Mei 1950 mbio za kwanza kabisa za ubingwa wa dunia wa Formula One zilifanyika hapo, mbele ya Mfalme George VI. Giuseppe Farina alishinda. Magari yalizunguka barabara ileile ambayo miaka mitano nyuma ndege zilikuwa zikiifuata kwenda kupanga foleni ya kuruka. Viwanja vingine Norfolk vilijengwa mabanda ya batamzinga juu ya njia zake. Vingi zaidi vimerudi kuwa ngano.

Mtoto aliyefungiwa kadi ya jina akiwa na miaka mitano mwaka 1939 sasa, kama yu hai, amepita miaka 90. Wasomaji wetu walioko Uingereza, mlioko Leicester, Reading, Lincoln na kwingineko, wengi wenu mnafanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani na kwenye vituo. Mnawalisha, mnawageuza kitandani, mnakaa nao usiku wasipopata usingizi. Mmoja wao anaweza kuwa ndiye aliyekuwa juu ya ukuta wa ua. Usiku wa zamu yako, chai ikishatulia, muulize alikuwa wapi alfajiri ya tarehe 31 Machi 1944, kisha mpe muda wa kuhesabu.